Lugha za Kompyuta na Ahadi Zake

Madhumuni ya makala haya ni kuwaeleza wachunguzi wa lugha habari za jamaa wa mbali wa taaluma yao, yaani lugha zitumiwazo kuiamrisha kompyuta. Lugha hizo zimekuwa zikizaliwa tangu miaka ya 1950, nazo ni nyingi mno. Takriban kila moja ilipotokea ilitangaziwa makuu: kwamba itaondoa taabu ya zilizotangulia, kwamba itafaa kwa kila kazi, na kwamba hata mtu asiye fundi ataweza kuisoma. Ahadi chache kati ya hizo zilitimizwa, nyingi hazikutimizwa.

Wala jambo hili haliwahusu mafundi peke yao. Chukua Kasanda, katika nyanda za juu za Kigoma, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo hata ilipotengwa Wilaya ya Kakonko mwaka 2012. Mtoto achanjwaye huko huhesabiwa, au husahauliwa, kwa kadiri ya maneno na visanduku ambavyo mtu aliye mbali, asiyemjua mtoto wala lugha ya mama yake, alivichagua kwa kudhani kuwa vinatosha. Kwa hiyo yafaa tuulize: lugha hizi ziliahidi nini, kwa nini ahadi zilizidi uwezo, na ni nani alipaye deni?

I. Lugha ya kompyuta ni nini

Kompyuta yenyewe haifahamu ila namba. Hapo mwanzo waliotaka kuitumia walikuwa hawana budi kuandika namba tupu, kazi ya kuchosha na yenye makosa mengi. Ndipo wataalamu walipobuni namna ya kuandika amri kwa maneno na alama, kisha wakatunga programu fasiri ya kuyageuza maneno hayo kuwa namba. Maneno hayo pamoja na kanuni zake ndiyo yaitwayo lugha ya kompyuta.

Mchunguzi wa lugha ataona mara moja kuwa jina hili limeazimwa. Katika lugha ya kompyuta kila neno la amri lina maana moja tu, nayo imewekwa kabla ya yeyote kulitamka. Hakuna methali, hakuna dhihaka, hakuna msikilizaji ambaye kwa hisani yake ataelewa kilichokusudiwa ijapokuwa kimesemwa vibaya. Herufi moja ikikosekana, sentensi nzima hukataliwa.

Pamoja na lugha kuna viunzi. Mtu akinunua nyumba ambayo nguzo, boriti na makombamoyo yake yamekwisha kusimamishwa, humbakia kukandika kuta na kuezeka. Hivyo ndivyo kiunzi cha programu kilivyo: sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanywa na wengine, na mwandishi hujaza mahali palipoachwa wazi. Faida yake ni wepesi. Hasara yake ni kwamba vyumba vimekwisha kupimwa na mtu ambaye hakujua ni jamaa gani watakaolala humo.

II. Ahadi ya maneno ya kawaida

Lugha ya kwanza iliyoenea sana ni FORTRAN, iliyotolewa mwaka 1957 na kampuni ya IBM chini ya uongozi wa John Backus. Hiyo ilikuwa lugha ya wahandisi na wanasayansi, na ahadi yake ilikuwa ndogo: kuandika hesabu karibu kama zinavyoandikwa vitabuni. Kwa kuwa ahadi ilikuwa ndogo, ilitimizwa, na FORTRAN ingali ikitumika hata leo katika hesabu za hali ya hewa na za fizikia.

Mambo yalibadilika ilipokuja COBOL. Mwezi wa Mei mwaka 1959 wajumbe wa Serikali ya Marekani na wa makampuni walikutana katika makao ya Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo kutafuta lugha moja ya kazi za biashara. Kazi yao ilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya lugha ya FLOW-MATIC, ambayo Grace Hopper alikuwa ameiongoza kabla ya hapo. Ahadi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kwamba programu moja itaweza kutumika katika mashine za makampuni mbalimbali. Nayo ilithibitishwa kwa kiasi fulani mwezi wa Desemba mwaka 1960, programu ile ile ilipoendeshwa katika mashine ya RCA na katika mashine ya UNIVAC. Ya pili ilikuwa kwamba, kwa kuwa amri zake ni sentensi za Kiingereza, hata mkubwa wa ofisi asiyejua kompyuta ataweza kuzisoma.

Ahadi hii ya pili ndiyo ituhusuyo zaidi. Kwa mtindo wa COBOL mtu haandiki alama za hesabu, bali huandika kama kusema: ZIDISHA BEI KWA IDADI KUPATA JUMLA. Hakika mtu yeyote anaweza kuisoma sentensi hiyo. Lakini programu nzima ni sentensi elfu kadhaa, na ugumu wake haumo katika neno ZIDISHA. Umo katika kujua kwa nini kuzidisha kuje kabla ya kutoa, na nini kitatokea idadi ikiwa sifuri. Wakubwa wa ofisi hawakuzisoma programu. Maneno yalikuwa ya kawaida. Jambo lenyewe halikuwa la kawaida.

Funzo hili latufaa hasa leo, kwa kuwa zimekwisha kutokea lugha za kompyuta zenye maneno ya Kiswahili. Mojawapo ni Nuru, ambayo hutumia maneno kama vile kama, sivyo, wakati, unda na rudisha. Juhudi hiyo yastahili sifa, maana yampa mwanafunzi nafasi ya kuanza bila kusumbuliwa na lugha ya kigeni. Lakini tuitazame sarufi yake kwa jicho la mwanaisimu. Mswahili aelezapo sharti aghalabu hatumii neno la pekee. Sharti hulitia ndani ya kitenzi. Husema "akija, mpe barua", "asipokuja, irudishe", "angekuja, tungempa". Sentensi ya kwanza inaweza kuwa na maana ya "iwapo atakuja" na pia "wakati atakapokuja", na msikilizaji huchagua kwa kutazama hali. Katika ukanushi, umbo "asipokuja" hukanusha "akija" na "ajapo" pia. Kompyuta haiwezi kuvumilia jambo hili. Sharti iambiwe kama ni "iwapo" au "wakati". Kwa hiyo mtungaji wa lugha hiyo hana budi kuacha -ki- na -po- na kuweka maneno mawili yaliyotengana, kama ilivyo desturi ya Kiingereza. Basi msamiati ni wa Kiswahili, lakini mifupa ya sentensi ni ya kwingine. Wala hili si kosa la mtungaji; ni tabia ya mashine. Lakini atakayeahidi kwamba maneno ya Kiswahili peke yake yatamfanya kila Mswahili kuwa mwandishi wa programu atakuwa anarudia ahadi ya mwaka 1959.

III. Lugha moja kwa kazi zote

Baada ya FORTRAN kuwa ya wanasayansi na COBOL kuwa ya wafanya biashara, lilizuka wazo la kuziunganisha. IBM ilipotangaza mashine zake za System/360 mwezi wa Aprili mwaka 1964, ilikusudia kuwa na lugha moja ya kuwafaa wote, nayo ikaitwa PL/I. Humo viliingizwa vya FORTRAN, vya COBOL, na vingine visivyokuwamo katika yoyote ya hizo. Ilitumika, lakini haikuziondoa lugha ilizokusudia kuzirithi. Mwaka 1972 Edsger Dijkstra, alipopokea tuzo ya Turing, alifananisha kuitumia lugha hiyo na kurusha ndege yenye vifungo na swichi 7,000.

Mfano huo hauko mbali na hesabu. Tuseme lugha ina kanuni 10. Kila kanuni inaweza kukutana na nyingine, na kukutana huko ni namna 45. Tukiziongeza kanuni ziwe 40, kukutana hakuwi mara nne, bali huwa namna 780. Kila moja yataka kuelezwa, kujaribiwa na kukumbukwa. Anayeongeza kanuni hufurahi kwa kuwa amemsaidia mtu mmoja. Mzigo lakini huwafikia wote, hata wale wasioitumia kamwe.

Mfano wa pili ni Ada. Katika miaka ya 1970 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliona kuwa programu zake zimeandikwa kwa lugha na lahaja zaidi ya 450. Ikaamuru itungwe lugha moja, nayo ikasanifiwa mwaka 1983 na baadaye ikawa ya lazima. Amri hiyo iliondolewa mwaka 1997. Lakini Ada haikufa. Ilipoacha kuwa lugha ya lazima kwa kila kazi ilibaki katika kazi zinazoifaa zaidi, yaani zile ambazo kosa moja laweza kuua watu, kama vile uongozaji wa ndege na wa treni. Mshika mbili moja humponyoka. Ada ilipoachiwa moja iliishika barabara.

Wachunguzi wa Kiswahili wanaijua habari ya namna hii kwa upande mwingine. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Halmashauri ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, madhumuni yalikuwa na mpaka: tahajia moja na vitabu vya shule. Kiswahili Sanifu kimepata kazi nyingi tangu hapo, katika siasa, mahakama na biashara, hata huku Buha ambako lugha ya nyumbani ni Kiha. Lakini tofauti ni kubwa. Lugha ya watu ikiongezewa kazi, wasemaji wenyewe huipanua kila siku bila kumwomba mtu ruhusa. Lugha ya kompyuta ikiongezewa kazi, haina wasemaji wa kuipanua. Ina halmashauri na makampuni tu, na kila kinachoongezwa hubaki humo hata kisipohitajiwa tena.

IV. "Popote" na viunzi vyake

Mwaka 1995 kampuni ya Sun Microsystems ilitoa lugha ya Java, iliyotungwa na James Gosling na wenzake. Kazi hiyo ilikuwa imeanza mwaka 1991 kwa nia ya kuviongoza vyombo vya nyumbani. Ahadi yake ilikuwa kwamba mtu ataandika mara moja, na programu itaendeshwa popote. Njia iliyotumiwa ni ya kupendeza: programu haifasiriwi kwa lugha ya kompyuta fulani, bali kwa lugha ya mashine ya kudhaniwa, kisha kila kompyuta hupewa mkalimani wa mashine hiyo.

Ahadi hii ilitimizwa nusu. Katika kompyuta kubwa za kuhifadhi na kugawa habari, Java ilistawi na ingali imestawi. Lakini programu ndogo za Java zilizokusudiwa kuendeshwa ndani ya kurasa za intaneti, ambazo ndizo zilizoipatia sifa hapo mwanzo, zilitoweka. Hata ilipofika mwaka 2017 watungaji wenyewe walitangaza kuwa zisitumiwe tena. "Popote" ikawa mahali fulani.

Viunzi vilifuata mwendo ule ule. Mwaka 1998 kilitolewa kiunzi cha Java kwa kazi za makampuni makubwa, nacho kikalalamikiwa kuwa kizito mno. Mwaka 2004 toleo la kwanza la kiunzi kiitwacho Spring lilitoka, likiwa limekusudiwa kuwa jepesi. Lilipendwa, na kwa kuwa lilipendwa liliongezwa. Leo jina Spring ni la jamii kubwa ya viunzi vingi. Upande wa kurasa za intaneti, kiunzi cha AngularJS kilitolewa mwaka 2010 kwa msaada wa kampuni ya Google. Mwaka 2016 lilitolewa toleo jipya lisilopatana na la zamani, na mwisho wa mwaka 2021 la zamani liliachwa bila matengenezo. Maisha ya kiunzi hicho hayakutimiza miaka kumi na miwili, umri ambao mtoto bado yuko shule ya msingi.

V. Hazina ya Tanzania, 1965 hadi 1974

Huenda msomaji akadhani kuwa habari hizi ni za nchi za mbali. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye lilifanywa jaribio la kuzihamishia hesabu za Serikali katika kompyuta. Jaribio hilo lilishindwa, hesabu zikavurugika, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Marufuku hiyo ilikaa miaka mingi kabla ya kulegezwa na kuondolewa.

Wako wanaoicheka marufuku hiyo kwamba ilikuwa ya watu wasioelewa maendeleo. Nionavyo mimi si haki kuicheka. Hazina haikukataa mashine kwa kutoijua, bali baada ya kuijaribu na kupata hasara. Iliahidiwa hesabu za haraka na sahihi. Ilipata mashine bila mafundi wa kutosha, na programu ambazo mpangilio wake haukulingana na vitabu vya makarani. Lakini dawa nayo ilizidi ugonjwa. Kosa lilikuwa katika ukubwa wa ahadi. Adhabu ikaiangukia mashine yenyewe, na pamoja nayo vijana ambao wangejifunza kuitawala. Ahadi ipitayo kiasi hudhuru mara mbili: kwanza inapoaminiwa, na tena inapoachwa kuaminiwa.

VI. Kutoka kitabu cha MTUHA hadi DHIS2

Sasa tuje katika nyanda za juu za Kigoma kwenyewe. Tangu miaka ya 1990 zahanati na vituo vya afya vya Tanzania Bara hutumia vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mhudumu humwandika kila mgonjwa, mama mjamzito au mtoto katika mstari wake. Mwisho wa mwezi hujumlisha, na jumla hupelekwa wilayani.

Jumla hizo huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Mfumo wa kwanza wa jina hilo ulianzia Afrika ya Kusini katika miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuondolewa, nao uliandikwa kwa programu ya Microsoft Access. Ulikuwa mdogo na ulikuwa na kazi moja: kuziwezesha wilaya kuona hesabu zake zenyewe. Mfumo wa pili uliandikwa upya kwa Java chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo, pamoja na washirika katika nchi kadhaa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa miongoni mwao. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, na kufikia mwaka 2014 Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kuueneza katika mikoa yote.

Kwa kazi iliyokusudiwa, yaani hesabu za jumla, mfumo huu ni miongoni mwa mambo yaliyofaulu. Afisa wa wilaya aweza kuona ni zahanati gani haijaleta taarifa, na chanjo gani imepungua. Lakini mafanikio yalileta kazi nyingine. Mfumo wa kuhesabu watu kwa jumla ulipanuliwa ili umfuate mtu mmoja mmoja. Kisha nchi kadhaa ziliutumia kwa mambo ya elimu. Na mwaka 2021, wakati wa chanjo za UVIKO-19, nchi nyingine ziliutwika orodha za mamilioni ya watu. Hapo mzigo uliulemea, na watungaji walilazimika kufanya kazi kubwa kuuongezea kasi.

Chini ya mfumo huo kuna viunzi tulivyovitaja. Sehemu yake ya ndani husimama juu ya Spring, na kurasa zake za kumfuata mtu mmoja mmoja ziliandikwa kwa AngularJS. Kiunzi hicho kilipoachwa na wenyewe, ilibidi kurasa ziandikwe upya kwa kiunzi kingine. Mhudumu wa Kibondo au Kasulu hakuulizwa habari ya AngularJS, wala hakuhitaji kuijua. Yeye aliona tu kwamba ukurasa aliofundishwa kuutumia umebadilika. Na katika vituo vingi kitabu cha karatasi hakikuondoka. Mhudumu huandika kitabuni kwanza, kisha huandika tena katika kompyuta, umeme na mtandao vikiwapo. Iliahidiwa kuwa kazi itapungua, nayo ikawa mara mbili. Ahadi ni deni, husema watu. Na hapa deni hulipwa na asiyeahidi.

VII. Majina ya watu

Sehemu iwagusayo zaidi wasomaji wa jarida hili ni majina. Wilaya za Kibondo, Kakonko na Kasulu zinapakana na Burundi, na kwa miaka mingi zimepokea wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa watu waliotoka Kongo. Baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 kambi za Nduta na Mtendeli zilifunguliwa tena, na ya Mtendeli ikafungwa mwaka 2021. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi huwaandikisha watu katika mfumo wake uitwao proGres, ambao toleo lake la nne limejengwa juu ya kiunzi cha Microsoft kilichotungwa kwanza kwa ajili ya makampuni kuweka kumbukumbu za wateja wao. Sisemi kuwa mfumo huo umeshindwa kazi yake. Nasema tu kwamba mteja na mkimbizi si watu wa hali moja, na kiunzi kilipimwa kwa kimo cha mteja.

Viunzi vingi vya namna hii hutaka jina la kwanza na jina la ukoo. Lakini kwa desturi ya Warundi ndugu wa baba mmoja hawana jina la ukoo la kurithi. Kila mtoto hupewa jina lake, na jina hilo hueleza habari ya kuzaliwa kwake. Pacha wa kwanza huitwa Bukuru, neno lenye shina la ukubwa; wa pili huitwa Butoyi, lenye shina la udogo; na azaliwaye baada ya mapacha huitwa Ciza. Basi mfumo utafutao ndugu kwa jina la ukoo hautawaona Bukuru na Butoyi kuwa wana wa mama mmoja. Bali utawakusanya akina Bukuru wote, ambao hawana udugu wowote ila kwamba kila mmoja alitangulia pacha wake. Na mfumo mwingine, utafutao watu walioandikwa mara mbili, utaona watoto wawili wenye tarehe moja ya kuzaliwa, mama mmoja na baba mmoja, nao waweza kudhani kuwa ni mtoto mmoja aliyeandikwa kwa makosa. Mtoto mmoja akifutwa, posho yake hufutwa.

Kisha kuna tahajia. Kirundi huandika Ciza, na karani wa Kitanzania, kwa kufuata Kiswahili, huandika Chiza. Tena Kirundi hakitenganishi r na l kwa maana, ilhali Kiswahili hutenganisha. Hivyo Bukuru aweza kuandikwa Bukulu. Wapo watakaosema kuwa kompyuta ina dawa ya jambo hili. Ipo kweli kanuni iitwayo Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918, nayo imo katika kanzidata nyingi hata leo. Kanuni hiyo huacha vokali, huibakiza herufi ya kwanza, na konsonanti nyingine huzipa namba kwa kadiri ya sauti zake katika Kiingereza. Tuijaribu. Ciza hupata C200, na Chiza hupata C200; hapo imefaulu. Lakini r ina namba 6 na l ina namba 4. Kwa hiyo Bukuru hupata B260 na Bukulu hupata B240, na kompyuta huamua kuwa hao ni watu wawili. Na jina kama Rukundo likiandikwa Lukundo, hutofautiana katika herufi ya kwanza, R253 na L253, nayo hayatakutana kamwe.

Tazama basi: sauti mbili ambazo katika nyanda hizi hubadilishana kuliko zote ndizo kanuni hiyo izitenganishazo. Soundex haikukosea, ilitungwa kwa majina ya Marekani, ikafanya kazi yake huko. Kosa ni la aliyeichukua na kuipeleka kote bila kumwuliza mtu ajuaye fonolojia ya mahali.

VIII. Sababu, na kazi iliyo mbele yetu

Tukikusanya habari zote hizi twaona sababu tatu. Kwanza, chombo kikifaulu katika kazi moja, watu hudhani kuwa kufaulu huko ni tabia ya chombo, kumbe ni kulingana kwa chombo na kazi. Pili, ugumu mkubwa wa programu haumo katika lugha iandikwayo, bali umo katika mambo yenyewe yanayoelezwa. Frederick Brooks aliyaeleza haya mwaka 1986, akasema kuwa hakuna lugha wala njia moja itakayoleta ahueni kubwa kwa mkupuo. Tatu, aahidiye na alipaye si mtu mmoja. Mtungaji wa kiunzi huendelea na kipya. Karani wa wilayani hubaki na cha zamani.

Haya yasitufanye tuichukie kompyuta, kama ilivyokuwa mwaka 1974. Yatufanye tuulize maswali matatu kila tuletewapo mfumo: ulitungwa kwanza kwa kazi gani na kwa watu gani? Umeongezewa nini tangu hapo? Watungaji wakiuacha, nani atautunza?

Wachunguzi wa lugha nao wana sehemu yao. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa programu ya ofisi yenye maneno ya Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Kazi hiyo ilionyesha kuwa istilahi zaweza kupatikana watu wakikaa pamoja. Lakini kufasiri maneno ya juu ya ukurasa ni hatua ya kwanza tu. Hatua ya pili ni kukagua yale yaliyofichwa chini: mpangilio wa majina, kanuni za kulinganisha sauti, na namna za kuhesabu jamaa. Orodha fupi ya majina ya Buha na Burundi, pamoja na namna zake zote za kuandikwa, yaweza kutungwa na wanafunzi wachache wa isimu kwa muda wa likizo moja, nayo ingewafaa makarani wa Kibondo, Kakonko na Kasulu kuliko kiunzi kipya. Ahadi ya orodha hiyo ni ndogo: kwamba Bukuru na Bukulu watajulikana kuwa huenda ni mtu mmoja, na kwamba Bukuru na Butoyi watajulikana kuwa ni wawili.